Hotipoti ya Breki

Ilifika mahali nchi ile ikawa na marais wawili, na hakuna aliyetaka hata kusikia habari za mwenzake. Wa kwanza alikuwa Ikulu, amekataa kutoka, anasema kura zimehesabiwa na yeye ndiye mshindi. Wa pili aliapishwa kwenye uwanja wa mpira, mbele ya umati, kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakatakata, naye anasema kura zimehesabiwa na yeye ndiye mshindi. Watu walichoka kuwataja kwa majina yao marefu na vyeo vyao, wakawaita Wa Ikulu na Wa Uwanjani, yakaisha.

Sasa hao wangeachwa wavutane wenyewe, labda mmoja angechoka akaenda kulea wajukuu. Thubutu! Wakubwa wa nje wakaingia. Ubalozi ulioko mlimani, wenye ukuta mweupe, ukatangaza kwamba taifa lao kubwa linamtambua Wa Uwanjani. Kesho yake ubalozi ulioko bondeni, wenye geti jekundu, ukatangaza kwamba taifa lao, ambalo nalo si dogo, linamtambua Wa Ikulu. Mwenye nchi hakuulizwa anamtambua nani. Si alishapiga kura? Anataka nini tena?

Basi nyumba ya Bi Mwiko, vyumba viwili na sebule, ikajikuta imebanwa kati ya mlima na bonde.

Bi Mwiko alikuwa mpishi nyumbani kwa balozi wa bondeni. Jina hilo alipewa na mumewe enzi za uchumba, siku alipomfukuza jikoni na mwiko mkononi kwa kuonja mchuzi kabla haujaiva. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa ubalozi wa mlimani. Wenzake walimwita Breki, kwa sababu akiona kuku kwa mbali anapunguza mwendo. Kwa miaka kazi zao zilikuwa utani wa nyumbani.

"Wenu leo wamekula nini?" Breki anauliza akivua viatu.

"Siri ya serikali. Na wenu umewapeleka wapi?"

"Siri ya serikali, bi mkubwa."

Wanacheka, wanakula, wanalala. Mama mkwe, mamake Breki, aliyekaa chumba cha pili na redio yake, alikuwa akisema hajawahi kuona nyumba ya ajabu kama ile, yenye serikali mbili na jiko moja.

Na kulikuwa na jambo la hotipoti. Breki hakuwa mtu wa kula vibandani. Tumbo lake, alivyosema mwenyewe, lilikuwa la mke mmoja. Kila jioni kabla ya kulala Bi Mwiko aliuliza, "Nikufungashie?" Naye alijibu, "Fungasha," na asubuhi hotipoti ya bluu, ile ambayo kifuniko chake kilishapata ufa, ilipanda gari la kibalozi kama abiria. Siku moja moja tu alijibu tofauti: "Usifungashe, kesho nina safari." Safari za mbali alilishwa na ofisi. Akitaja safari alitaja na mji, na siku ya kurudi, na kumuuliza mkewe anataka aletewe nini. Ndivyo walivyoishi.

Lakini tangu wakubwa watangaze, utani ulikufa. Breki alianza kurudi kimya. Simu aliyokuwa akiitupa popote ikaanza kumfuata mpaka bafuni. Akiulizwa wenu leo vipi, anasema "kawaida," macho ukutani. Bi Mwiko hakuwa mjinga, alijua huko kazini wameambiwa wafunge midomo. Na yeye wa kwake walimwambia hivyo hivyo. Ila kufunga mdomo kazini ni jambo moja, na kuufunga kitandani ni jambo jingine kabisa. Roho ilianza kumwasha.

Upande wa pili kulikuwa na Madam Pole. Huyu alikuwa katibu wa balozi wa bondeni, mgeni aliyejifunza Kiswahili vizuri sana, ila neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa pole. Pole na kazi, pole na joto, pole na mvua, pole na moshi. Zamani alifika jikoni kuagiza chai akaondoka. Sasa alianza kuvuta kigoda na kuinywea palepale, mpaka tone la mwisho, huku anauliza habari za nyumbani.

"Mume hajambo?"

"Hajambo, madam."

"Anarudi salama? Barabara mbaya siku hizi. Pole sana."

"Anarudi, madam."

Bi Mwiko hapo alikuwa macho. Tangu lini mkubwa akaulizia mume wa mpishi? Alijibu yale yasiyo na mfupa wala nyama, akaendelea kumenya viazi. Hata alipopewa mafuta ya kupikia na sukari, wakati maduka yote yana rafu tupu, alishukuru, akapokea, ulimi akauacha mahali pake. Alifika nyumbani akakuta Breki naye kaleta mfuko wa unga na maziwa ya kopo.

"Umepewa?" Breki aliuliza akiangalia sukari.

"Nimepewa. Na wewe?"

"Nimepewa."

"Kwa nini?"

"Na wewe kwa nini?"

Mama mkwe akawatazama, akatazama na vile vitu mezani. "Mimi nitapika uji," akasema. "Nyinyi endeleeni na mkutano wenu."

Walikunywa uji ule mtamu bila kutazamana usoni. Jamani, sukari ile!

Kisha yakaja manukato. Bi Mwiko alikuwa anafua shati la mumewe, akasikia harufu nzito ya maua, ile ya chupa ya bei mbaya, imeganda mabegani. Akanusa tena. Akaliloweka shati, akalisugua mpaka kola ikachanika. Siku chache baadaye jirani yake, fundi cherehani, akamwita kwa mkono.

"Shoga, mimi si mtu wa maneno maneno," fundi alianza, na anayeanza hivyo unajua kabisa ana gunia zima. "Lakini nimemwona shemeji kwenye lile gari kubwa, njia ya nyuma ya soko. Kiti cha nyuma kuna mama. Mama wa haja, mwili huo, kajitanda mtandio mpaka kwenye pua, miwani myeusi. Na shemeji anamfungulia mlango kwa adabu, hata wewe hujawahi kufunguliwa hivyo."

"Atakuwa mgeni wa ofisini," Bi Mwiko alijibu.

"Haya. Mgeni wa ofisini anapandia uchochoroni?"

Bi Mwiko alirudi zake nyumbani. Kumbe ndiyo simu za bafuni! Kumbe ndiyo "kawaida, kawaida"! Watu wanagombania urais, mume wake anatumia vurugu hizo hizo kujificha na limama lake kwenye gari la watu.

Jioni hiyo alikaza moyo, akauliza kama desturi, "Nikufungashie?"

"Usifungashe."

Alingoja jina la mji. Halikuja.

"Una safari?"

"Usifungashe tu, mke wangu."

"Utakula wapi?"

"Nitakula huko huko."

"Huko wapi?"

"We mwanamke, huko!" Breki alipaza sauti, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye nyumba ile, mpaka redio ya mama mkwe ikapunguzwa chumba cha pili. Alijutia papo hapo, ilionekana, akanyoosha mkono amshike bega. Bi Mwiko akaukwepa.

Asubuhi aliondoka mapema, shati jeupe limepigwa pasi, mkono mtupu. Hotipoti ilibaki mezani kinywa wazi. Bi Mwiko aliitazama mpaka machozi yakamtoka, akaenda kazini nayo machoni.

Madam Pole alimkuta anakata vitunguu.

"Pole. Ni vitunguu?"

"Si vitunguu, madam."

Na hapo ndipo alipoachia. Asingeachia kwa siri za serikali hata angepewa ghala zima la sukari. Lakini hili aliliona lake, la chumbani, halina serikali ndani. Akasema yote: manukato, mama wa kiti cha nyuma, mtandio, uchochoro wa nyuma ya soko, kufokewa. Madam Pole alisikiliza kikombe kikiwa mkononi, anatikisa kichwa kwa huruma.

"Labda leo yuko hapa hapa mjini," alisema taratibu.

"Mjini wapi! Mume wangu mimi namjua, hali nje. Akiacha hotipoti ujue anakwenda mbali, na leo kaiacha. Kila akisafiri huniaga, leo hakuniaga. Wanakwenda kulala mahali, hao."

"Leo?"

"Leo hii, madam. Katoka alfajiri."

"Pole sana," alisema Madam Pole. Akasimama, akamshika mkono kidogo, akatoka.

Bi Mwiko alijihisi mwepesi, kama aliyetua ndoo kichwani. Alipangusa macho, akageuka kuosha vyombo, akaona kikombe. Chai ilikuwa imejaa, mvuke bado unatoka. Mwanamke yule hajawahi kuacha chai. Akajiambia acha wasiwasi, madam kaitwa na simu. Akaimwaga ile chai, akaosha kikombe, akakiosha tena.

Aliporudi nyumbani mchana ule alimkuta mama mkwe ameketi sakafuni, redio mapajani, kanga imemwanguka begani na hana habari.

"Wamemchukua mwanangu," alisema.

"Nani?"

"Wanajeshi. Kwenye barabara ya mpakani. Waliweka gogo, wakasimamisha lile gari tu, mengine yote yanapita. Nyuma walikuwa na mama mnene, kajitanda. Wakamvua mtandio." Mama mkwe alicheka, kicheko kibaya kabisa. "Wa Uwanjani! Mwanamume mzima, na gauni, na manukato. Alikuwa anapelekwa nje akazungumze kwenye mkutano wa hao wakubwa."

Bi Mwiko aliushika mlango.

"Na mtu wa ubalozi hakuwemo garini?"

"Alikuwemo, kiti cha mbele. Huyo kapigiwa saluti karudishwa mlimani. Ana kinga. Mwanangu hana kinga, mwanangu ni raia wa hapa. Uhaini, wanasema." Akaiinua redio akaizima. "Sasa mwanangu, niambie. Walijuaje kwamba ni leo? Mimi mwenyewe nimelala chumba cha pili sikujua."

Bi Mwiko alikwenda jikoni, akaichukua ile hotipoti mezani, akaifunika kwa kifuniko chake cha ufa, akaisukuma chini kabisa ya kabati. Hakukuwa na mwanamke. Mumewe alikuwa kule kwenye shimo la wanajeshi, na aliyemtia humo ni yeye na mdomo wake.

Kesho yake alikwenda kazini, akapita jikoni bila kuvaa aproni, mpaka ofisini kwa Madam Pole, akapiga magoti kwenye zulia.

"Madam, balozi anakula na Wa Ikulu kila wiki, mimi ndiye ninayepika. Neno moja tu. Amwambie yule ni dereva, alikuwa anaendesha tu."

Madam Pole alimwinua kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa na huruma kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Bi Mwiko zaidi.

"Pole sana, mama. Lakini sisi hatuingilii mambo ya ndani ya nchi yenu."

Ebo! Bi Mwiko angeweza kumrukia. Hakumrukia, kwa sababu kama kuna mlango ambao habari za mumewe zingepitia, ulikuwa ule. Akarudi jikoni, akavaa aproni, akapika. Mama mkwe naye alipanda mlimani kila siku na fimbo yake. Getini alijibiwa kwamba wanalifuatilia suala hilo kwa karibu. "Kwa karibu," alimwambia mkwewe akivua viatu, "ila geti hawafungui."

Wiki zilipita hivyo. Nyumbani walikaa wanawake wawili, na mama mkwe akawa na tabia mpya ya kumtazama mkwewe akidhani haonekani. Hakusema kitu. Angesema ingekuwa nafuu.

Halafu siku moja Madam Pole aliingia jikoni anang'aa, akaagiza chakula cha heshima, nyama mbili, samaki, keki. "Tuna mgeni mkubwa," alisema. Mgeni mwenyewe akaja, na Bi Mwiko, akichungulia kwenye upenyo wa mlango, akamwona balozi wa mlimani akishuka garini. Gari ni lile lile. Dereva mpya, kijana mwenye miwani, kaegesha hovyo.

Mabalozi wale wawili, waliokuwa wakitukanana kwenye redio, walishikana mikono mpaka mabega yakatikisika. Wakala. Wakacheka. Kumbe yalishapikwa kwingine, na kile kilikuwa cha kushangilia tu: Wa Ikulu anabaki Ikulu, Wa Uwanjani anapewa uwaziri mkuu na nyumba yenye bustani, wa bondeni wanachukua migodi, wa mlimani wanachukua bandari. Kila mtu kashinda. Ilikuwa inatangazwa hata redioni.

Keki ilipokuwa tayari, Bi Mwiko hakumpa mhudumu. Aliibeba mwenyewe mpaka mezani, akaiweka mbele ya balozi wa mlimani, akasimama.

"Dereva wako yuko wapi?" alimuuliza.

Yule bwana hakujua Kiswahili, akageuka kwa Madam Pole aliyeketi pembeni yake. Madam Pole akamnong'oneza kitu kwa lugha ya kigeni. Na yule balozi akatabasamu, akalipapasa tumbo lake, akainua kidole gumba juu.

Bi Mwiko hakuhitaji mkalimani wa kumweleza alichoambiwa. Alitazama kidole kile, akamtazama Madam Pole, naye Madam Pole akawa anachunguza kitambaa chake cha mezani. Basi akavua aproni palepale, akaitundika kwenye kiti cha balozi wake, akatoka kwa geti jekundu bila kuaga mtu, na hajarudi mpaka leo.

Breki aliachiwa pamoja na wengine, kwa nia njema, kama walivyosema. Alifika kwa miguu, shati lile lile jeupe ambalo sasa halikuwa na rangi, kakonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Mama mkwe alimshika akalia mpaka majirani wakaja. Mlimani hawakumrudisha kazini, walishampata mwingine. Alikula kidogo, akaoga muda mrefu, akaja kuketi sebuleni. Mama mkwe, ambaye hajawahi kulala mapema maishani mwake, akasema ana usingizi.

"Mume wangu," Bi Mwiko alianza, "nina neno."

Breki alikuwa anatazama mikono yake. "Unajua swali la kwanza waliloniuliza? Sikuulizwa tunakwenda wapi. Sikuulizwa nyuma nimembeba nani. Mkubwa wao aliinama dirishani, akaniuliza, 'Leo mbona hukubeba chakula cha mkeo?'"

Bi Mwiko alikuwa analia bila sauti.

"Ulidhani nina mwanamke?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mimi!" alisema Breki, na kwa muda mfupi sana uso wake ukawa ule wa zamani, wa mwanamume aliyefukuzwa na mwiko. Alikaribia kucheka. Kisha kicheko kikapita. "Na manukato yale yalivyokuwa yananitia kichefuchefu."

"Nisikilize, nilimwambia..."

"Usiseme." Aliinua mkono. "Ninalojua linanitosha. Nikilisikia kwa mdomo wako, sitaweza kulala ndani ya nyumba hii. Na mimi sina pengine pa kulala."

Hakumpiga, hakumtukana, hakumfukuza. Majirani walimsifu sana kwa jinsi alivyorudi mpole. Alipata kazi ya kuendesha lori la mchanga, na Bi Mwiko akapata ya kupika kwenye kantini ya shule. Jioni zikarudi, uji ukarudi, redio ya mama mkwe ikarudi na kelele zake. Na kila jioni kabla ya kulala Bi Mwiko anauliza kama zamani:

"Nikufungashie?"

"Fungasha," anajibu Breki.

Anajibu hivyo kila siku. Akiwa na kazi ya karibu, fungasha. Akienda mbali arudi siku ya tatu, fungasha. Hata siku ya mapumziko, hata ile siku aliyoshikwa na homa na ilikuwa wazi kwamba hatoki kitandani, Bi Mwiko aliuliza, akajibiwa fungasha, na hotipoti ikakaa kutwa nzima juu ya kabati imefungwa. Mke hajui tena mume anakwenda wapi, wala anarudi lini. Jioni anaipokea hotipoti mlangoni, na kila mara inakuwa imeshaoshwa na kukaushwa huko huko, haina hata punje. Anaingia nayo jikoni, anafungua kifuniko, anainusa. Inanukia sabuni.